Kombinezo Sita za Bingwa Bulonza

Cirhuza alikuwa akifumua kola ya koti la mwalimu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa Agosti 1973, ndani ya kibanda chake cha kushonea sokoni Kadutu. Serikali ilikuwa imekataza makoti ya Kizungu pamoja na tai, kwa hiyo mafundi wote wa Bukavu walishinda wakigeuza makoti kuwa abakosti: unatoa kola, unafunga kifua hadi shingoni, mwalimu anarudi darasani bila kuogopa mtu. Cirhuza aliweza kumaliza mawili kwa siku. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na uzi aliukata kwa meno.

Askari aliingia na gunia. Kambini alikuwa na jina la Kizaïre, maana majina ya ubatizo nayo yalikuwa yamekatazwa, lakini Kadutu nzima ilimjua kwa jina la Évariste. Alikung'uta gunia juu ya meza, ikaanguka kombinezo ya ngozi nyekundu, ile nguo ya kipande kimoja wanayovaa waendesha pikipiki wa mashindano, yenye mistari miwili myeupe toka mabegani hadi miguuni. Ubavu wa kushoto ulikuwa umechanika kutoka bega mpaka goti. Mgongoni ilikatiza alama ya tairi kubwa. Cirhuza aliitambua, kwa kuwa ndiye aliyeishona. Ilikuwa ya shemeji yake, Modeste Bulonza, bingwa wa pikipiki wa Kivu, aliyezikwa juzi Jumamosi.

"Papa Cirhuza," Évariste alisema, "Komiseri wa mukoa anaomba sita."

"Sita nini?"

"Sita sawa hii. Rangi moja, ngozi moja, hata mistari."

"Na nani atavaa? Mwenye nguo alikufa."

"Njo vile. Lakini batu ya Kinshasa banakuja mwaka kesho kuangalia mashindano, na bameisha kuchapa kitambaa ya pagne na sura yake. Pagne haiwezi kufa, papa."

Cirhuza alimaliza kola ya mwalimu, kisha akavuta kombinezo karibu.

Bulonza alianza kama mpeleka barua wa shamba moja la chai. Mwaka wa 1967, mamluki walipokimbia mji, mmoja wao aliacha pikipiki kwenye mtaro, na Bulonza akaitoa humo kwa kamba, akaiosha, akaitengeneza kwa miezi minane. Katika mashindano yake ya kwanza alivaa buti za mpira na kofia ya mchimba mawe, akawa wa tatu. Mwaka wa 1970 alishinda. Mwaka wa 1971 alishinda akiwa amevaa kombinezo ambayo Cirhuza alimkatia kwa kuiga picha ya gazeti la Wabelgiji, kwa ngozi za ng'ombe wa Mudaka. Mwaka wa 1972 alishinda tena, na wasichana wa shule ya lise walijua uzito wake, kilo sabini na moja, kama walivyojua katekisimu.

Mashindano yalianzia Sange, yakapita Luvungi na Kamanyola katika uwanda wa Ruzizi, halafu yakapanda mteremko wa Ngomo hadi Nyangezi, yakaishia Bukavu mbele ya posta. Uwandani kila mtu alikuwa na mwendo. Ngomo ndiyo iliyotenga wanaume. Barabara pale ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu. Bulonza alikuwa na njia yake: kabla ya kila kona alizima injini kwa muda wa pumzi moja, akasikiliza kama kuna gari juu, akawasha tena. Siku ya mashindano barabara ilifungwa, kizuizi cha Nyangezi kikashushwa, lakini alisikiliza vilevile. Jumapili ile ya 1973 alisikiliza kona ya nne, hakusikia kitu. Lori lililokuwa likiteremka nalo lilikuwa limezima injini. Madereva wa kahawa huteremka Ngomo hivyo, roue libre, ili kubakiza mafuta.

Abbé Télesphore, padri wa parokia, ndiye aliyemzika. Abbé alikuwa amekasirishwa na sheria ya majina. Alikuwa ametishiwa jela kwa kubatiza mtoto jina la Pierre, na tangu hapo alikuwa hataji jina lingine isipokuwa la ubatizo, hata kwa mpishi wake. Alimvisha marehemu shati jeupe na tai, akisema chini ya ardhi hakuna polisi wa kuikata. Aliandika MODESTE kwenye daftari la parokia na MODESTE kwenye msalaba, akazika Modeste. Neno Bulonza halikutamkwa mbele ya kaburi. Watu waliliona hilo, lakini mvua ilikuwa inakaribia.

Cirhuza naye alifuata sheria. Alikata zile sita kwa vipimo vya shemeji yake, maana hakuwa na vingine, na ndani ya kila kola akatarizi BULONZA kwa uzi mweupe. Jina la Modeste hakuliandika. Wakaguzi wa Chama tawala walipita sokoni kila juma na mkasi wao wa kukata kilichokatazwa.

Alipofunga fundo la herufi ya mwisho katika kombinezo ya kwanza, nguo ilijaa. Kifua kilipanda, mapaja yakanyooka, na mikono ikakaa juu ya meza kama ya mtu anayesubiri chai. Mahali pa kichwa hapakuwa na kitu. Cirhuza aliiinua kwa shida, akaitundika, akaendelea na ya pili. Baada ya majuma mawili zote sita zilining'inia ukutani zimejaa, na kwa kuwa kibanda kilikuwa kidogo, alizoea kusema pardon kila alipopita.

Mwaka uliofuata Komiseri alimchagua Évariste avae moja, kwa kuwa alilingana urefu na marehemu, na kofia ingeficha uso. Walikutana Sange asubuhi ya mashindano. Évariste alifungua kifua cha kombinezo, akaingiza mguu wa kulia, ukagota gotini.

"Patron," alisema, "humu muko mutu."

Komiseri alikuwa mtu mnene mwenye abakosti ya kijivu. Alikuja, akabonyeza paja kwa kidole.

"Ni nani?"

"Iko Bulonza, patron. Minamujua na magoti."

"Basi toa mguu yako. Utamuchelewesha."

Évariste alitoa mguu. Kombinezo ilisimama, ikavalishwa kofia na glavu, ikatembea mpaka kwenye pikipiki na kuiwasha kwa teke moja. Ilifika Bukavu ya kwanza. Waendeshaji wengine walilalamika kwamba si haki, mtu asiye na mwili ni mwepesi. Kamati ilileta mizani ya kahawa, ikaipima kombinezo, ikapata kilo sabini na moja. Malalamiko yakatupwa. Wageni wa Kinshasa walipiga makofi, wakapewa samaki wa ziwani, wakarudi na ndege.

Hivyo ndivyo Bulonza alivyoshinda 1974, na 1975, na 1976. Alikuwa ameshinda mara tatu akiwa hai, sasa alikuwa na mara tatu akiwa amekufa, na magazeti yaliandika sita.

Kila baada ya mashindano Évariste alirudisha kombinezo iliyotumika, na kila mara ilikuwa imechanika palepale, bega mpaka goti, na mgongoni alama ileile ya tairi. Waliosimama Ngomo walieleza kwamba kwenye kona ya nne kombinezo ilianguka peke yake, ikalala kidogo, ikanyanyuka na kuendelea. Ile ya tatu ilipoletwa, Cirhuza alitandaza karatasi juu ya mgongo, akaichora alama ile kwa chaki kama anavyochora patroni ya kukatia suruali, meno yote ya tairi, pamoja na jino moja lililokatika. Alipanda gari la mizigo hadi Nyangezi, kwa Venant, mlinzi wa kizuizi.

Venant alikuwa anakula mihogo. Alikunjua karatasi juu ya magoti yake.

"Ile tairi? Iko ya nyuma, ya camion ya kahawa. Camion ya Komiseri."

"Siku ile kizuizi kilikuwa chini?"

"Kilikuwa chini. Chauffeur alipiga klaxon, nikafungua."

"Ulijua moto za mashindano ziko zinapanda?"

"Nilijua. Ulitaka nifanye je, papa Cirhuza? Komiseri njo aliniweka hapa. Karibu muhogo."

Cirhuza alikula muhogo mmoja kwa adabu. Siku iliyofuata alipeleka karatasi kwa jandarme, polisi wa mji. Jandarme alikuwa mtu makini. Alitoka naye hadi kwenye uwanja ambapo lori lilikuwa limeegeshwa, akaweka karatasi juu ya tairi, jino kwa jino, akathibitisha kwamba ni lenyewe. Kisha akamrudishia karatasi, akamsifu kwa mkono wake mzuri, akauliza kama angeweza kumshonea suruali mbili za kazi.

Dada yake Cirhuza, Georgette, ndiye aliyekuwa mke wa Bulonza. Alikuwa hajalia. Siku ya mazishi Komiseri alikuwa amemtuma mtu kumwambia kwamba mke wa bingwa havai nyeusi, na kwamba wanaoketi matanga kwake watahesabiwa wapinzani wa Chama. Wanawake waliokwisha kutandika mikeka waliikunja. Tangu hapo kila Agosti aliwekwa kwenye jukwaa mbele ya posta akiwa amevaa pagne yenye sura ya mumewe, sura moja kifuani na nyingine kwenye makalio, na kombinezo ilipofika alisukumwa kuikumbatia mbele ya wageni.

"Iko yeye?" Cirhuza alimwuliza mara ya kwanza.

"Iko yeye. Lakini iko nusu. Unamushika, unasikia hajaisha."

Hakutaka kitu kingi. Alitaka kuketi chini, avae nyeusi, alie na watu wake, wamalize kilio, na mtu wake apumzike. Kwanza alikwenda kwa Abbé Télesphore.

"Monsieur l'Abbé, mulizika Modeste. Mutuzikie na Bulonza."

"Mama, mimi nilibatiza Modeste, na Mungu anamujua na jina ile. Bulonza ni ya État. Uende kwa État."

"Muandike tu kidogo, chini ya musalaba."

"Bakikataa jina zetu, na sisi tunakataa jina zao," Abbé alisema. Alikuwa mtu mwenye msimamo, na mji ulimheshimu kwa hilo.

Alikwenda kwa État, yaani kwa serikali. Karani wa ofisi ya raia aliitwa Bisimwa. Alifungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole.

"Modeste hapana iko, citoyenne. Ile jina ilitoka mu inchi. Sasa hakuna namna itakufa."

"Na Bulonza?"

"Bulonza iko. Iko muzima kabisa. Si alishinda juzi? Weye mwenyewe ulimukumbatia, ukamupiga beze, minaona na macho yangu."

"Ule hakuwa na kichwa, papa."

"Hapa hatuandikake kichwa. Tunaandikaka jina."

Georgette alimshukuru, akatoka. Alipita kibandani kwa kaka yake. Kombinezo tatu zilizobaki zilining'inia ukutani, na moja ilikuwa imeweka mkono nyuma ya nyingine. Aliketi kwenye kigoda akaziangalia muda mrefu, kama mtu anayeangalia ndugu waliolala.

"Yaya," alimwita kaka yake, "État bako na jina moja, padri iko na moja. Ye iko katikati anakimbia tu."

"Njo vile."

"Anaangukaka wapi?"

"Kona ya nne, juu ya Kamanyola."

"Basi kilio itakuwa pale."

Agosti ya 1977, Georgette alipaswa kuwa jukwaani saa tano. Badala yake, alfajiri yeye na Cirhuza walipanda gari la mizigo pamoja na wanawake kumi na wawili kutoka Mudaka, wakashuka Nyangezi. Venant aliwainulia kizuizi wapite kwa miguu, akawaambia watembee upande wa mlima. Kwenye kona ya nne Georgette alitandika mkeka katikati ya barabara, akavua viatu. Chini ya pagne ya sherehe alikuwa amevaa gauni jeusi. Aliivua pagne akaikunja juu ya magoti. Wanawake waliketi, wakaanza kuongea mambo ya maharage, kwa kuwa marehemu alikuwa hajafika.

Saa nne na nusu walisikia pikipiki ikipanda toka Kamanyola. Ilizima kabla ya kona. Pumzi moja. Ikawaka tena. Ilitokea, nyekundu, na vumbi nyuma yake, ikafika mahali pake, ikaanguka ubavu wa kushoto kama ilivyozoea. Pikipiki iliteleza hadi ukutani mwa mlima ikanyamaza. Kombinezo ililala kifudifudi hatua mbili kutoka kwenye mkeka. Ngozi ilichanika taratibu toka begani, na mgongoni alama ya tairi ilipita jino baada ya jino, bila lori.

Kisha ilianza kunyanyuka, kama kila mwaka. Ilikuwa imefika kwenye magoti Georgette alipoishika bega.

"Modeste Bulonza," alisema.

Tangu sheria itoke hakuna mtu aliyekuwa ameyatamka majina yale mawili pamoja kwa sauti. Kombinezo iligeuza shingo upande wake.

"Modeste Bulonza, bwana yangu. Ulikufa. Ulikufa hapa, siku ya dimanche, mwezi wa munane. Camion ya Komiseri ilikukanyaga. Lala sasa."

Ilibaki vile kwa muda, kama mtu anayetafuta alichosahau. Halafu ikalala kwenye mkeka, chali, ikaweka mikono yake kifuani yenyewe. Georgette aliitoa kofia. Aliifunika kwa ile pagne, na sura ya Bulonza ikawa inatabasamu kuelekea angani. Wanawake wa Mudaka walianza kulia. Walilia kilio cha miaka minne, na hakikuwa kifupi. Cirhuza alivua kofia yake, akasimama ukingoni, akalia pia, kwa mdomo uliofumbwa, kama wanaume wa kwao wanavyolia. Jumatatu iliyofuata angefungua kibanda na kuzikuta zile mbili za mwisho zimelegea kama nguo yoyote.

Waendeshaji wengine walifika mmoja mmoja. Walipunguza mwendo, wakapita kando ya mkeka kwa uangalifu, mmoja akasema pole sana maman, wakaendelea kupanda.

Kilio kilikuwa hakijafika nusu wakati lori lilipotokea juu yao. Hawakulisikia, lilikuwa limezima injini. Lilikuwa limejaa magunia ya kahawa mpaka juu, na lilisimama kwa shida, tairi la mbele mita moja kutoka kwa mwanamke wa mwisho. Dereva alitoa kichwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye redio ndogo iliyofungwa kwenye kioo kwa mpira.

"Bamaman, pole na kilio. Mutusogezee kidogo mukeka. Freins za camion haziko muzuri."

"Barabara si imefungwa?" Cirhuza aliuliza.

"Imefungwa, papa. Ni ile sababu inakuwa rahisi kupita."

Walitazamana. Mteremko ulikuwa mbaya na mzigo ulikuwa mzito. Wanawake sita upande huu na sita upande ule waliinua mkeka pamoja na aliyelala juu yake, wakausogeza mpaka kwenye ukuta wa mlima. Alikuwa na uzito wake wote. Dereva aliwasubiri, akimwangalia Georgette.

"Weye si njo maman Bulonza? Nilikuona kwenye picha ya journal. Félicitations, hongera maman."

"Ya nini?"

Dereva aliongeza sauti ya redio. Mtangazaji alikuwa mbele ya posta ya Bukavu, na nyuma yake watu walikuwa wanapiga makofi na fanfari ya matarumbeta ilikuwa inapiga.

"Banatangaza sasa hivi. Bwana yako amefika, ya kwanza tena. Ya pili ni ule wa Luvungi, bamemuacha mbali."

Georgette alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka. Alisikiliza mpaka fanfari ilipomaliza, akakumbuka kitabu cha Bisimwa kinachoandika jina bila kichwa.

"Ametumia wakati gani?" aliuliza.

"Amepunguza minutes quatre, dakika ine."

Pagne ilikuwa imeteleza wakati wa kubeba. Aliivuta juu, akaikaza pande zote mbili za mabega.

"Aksanti," alisema.

Dereva aliachia breki, lori likaanza kuteremka bila sauti. Wanawake waliurudisha mkeka katikati ya barabara, wakaketi, wakaendelea kulia pale walipokuwa wameachia.